Jumamosi ya Foni

Sauti ya Dieudonné niliijua miaka ishirini na zaidi kabla ya kuuona uso wake. Tulionana mwezi uliopita huko Beni, katika komini ya Ruwenzori, kwenye arusi ya binti yake wa kwanza. Nilikuwa nimeketi chini ya turubai, sahani ya wali na nyama ya mbuzi juu ya magoti, niliposikia mtu nyuma yangu akimwomba jirani yake amsogezee chupa ya maji. Nikataja jina lake kabla sijageuka. Kumbe ni mtu mfupi, mwenye upara na tumbo la mtu aliyetulia, na mimi siku zote nilikuwa nimemweka kichwani kuwa mrefu. Naye alinitazama kwa muda, akacheka, akasema alinizania mwembamba. Tukashikana mikono wala hatukuachana, mpaka mke wake akaja kuuliza huyu mama ni nani. Ikabidi tueleze kwamba tulifanya kazi pamoja mwaka mzima, kila siku isipokuwa Jumapili, yeye Beni na mimi Butembo, na hatukuwahi kukutana. Vijana waliokaa nasi, simu mikononi, walituangalia kama watu wanaotunga. Niliporudi nyumbani niliona heri niandike, maana mwaka ule ndio ulionitoa utotoni, na waliobaki kuushuhudia si wengi.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita ile ya pili ya Kongo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, vyuo vyote viko upande wa pili wa vita, na kazi hakuna. Mfanyabiashara mmoja wa Vulamba, mtaa wetu pale Butembo, ambaye kila mtu alimwita Patron tu, alikuwa akitafuta mtu mwenye mwandiko mzuri na Kifaransa safi wa kukaa kwenye foni yake. Foni ni redio ya kusemeshana na watu wa mbali. Wakati ule simu za mkononi hazijatufikia, na waya za simu za serikali zilikuwa zimekatika zamani, watu wakaanikia nguo. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya duka la vitenge: meza moja yenye kitambaa cha kijani, juu yake mashini isiyozidi ukubwa wa katoni ya sabuni, na chini batri mbili za lori. Waya wa antene ulitoka juu ya bati ukavuka uwanja wa jirani hadi kwenye mti wa mkaratusi, na kuku wa jirani walizoea kulala chini yake. Nikifumba macho hata leo nasikia harufu ya kile chumba, vitenge vipya upande mmoja na asidi ya batri upande wa pili. Mvua ikinyesha juu ya bati hatukusikia kitu, tukawa tunajifunika kitambaa kichwani pamoja na kipaza sauti, kama watu wanaojifukiza homa.

Aliyenifundisha kazi ni Mukendi, tekinisia, fundi wa mitambo, mtu wa Kasai. Serikali ilimtuma Butembo kutunza simu zake miaka ya nyuma, kisha vita ikakata njia, mshahara ukakoma, na mke wake na watoto wakabaki Mbuji-Mayi. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alinifundisha kupima nguvu ya batri, kukata waya wa antene kwa urefu unaotakiwa, kulehemu waya uliokatika. Lakini kilichomchosha kwangu ni sauti. Wiki ya kwanza alisimamisha kazi akaniambia:

“Kavira, weye unasema kama mutu anaomba ruhusa. Ku foni hakuna haya. Finya buto, sema. Achilia buto, sikiliza. Njo kazi yote.”

Ilikuwa kweli. Foni haikuruhusu watu wawili kusema pamoja. Ukifinya kitufe cha mikro, wewe peke yako ndiye unayesikika, na mwenzako hawezi kukujibu mpaka umalize, useme “à vous,” yaani zamu yako, na uachilie. Mimi niliyekulia katika nyumba ambayo hakuna aliyengoja mwenzake amalize sentensi, niliona ni ajabu kwamba kuna mahali ambapo mtu akisema, wote wananyamaza. Tulikuwa na majina yetu ya hewani. Butembo tuliitwa Mulima Mbili, Beni waliitwa Mulima Tatu. Baada ya miezi miwili sauti yangu ilikuwa imenyooka, na wafanyabiashara wakubwa waliokuja na kofia zao walingoja nje ya pazia mpaka niwaite.

Patron alikuwa na sheria moja, naye aliirudia kila Jumatatu: kinachosemwa katika chumba hiki kinabaki katika chumba hiki. Haikuwa sheria ya kiburi. Habari ya lori linaloondoka kesho ikifika kwenye sikio baya, lori lingevamiwa njiani na watu wangekufa. Kwa hiyo nikajifunza kufunga mdomo, na kwa kuwa nilikuwa mdogo nikaufunga kupita kiasi. Nyumbani sikusema kitu. Mama akiniuliza siku imeendaje, nilijibu “muzuri” na kuendelea kula. Wadogo zangu wakiuliza foni ina nini ndani, nilisema sijui. Papa, baba yetu, aliyekuwa katekista na mtu wa kupenda maelezo, alianza kunitazama kwa jicho la pembeni. Jumapili moja baada ya Misa, nikiwa naosha vyombo nyuma ya jikoni, niliwasikia wakizungumza ndani. Papa alisema hajapata kuona kazi ambayo msichana anafungiwa katika chumba na sauti za wanaume, na akirudi hana la kusimulia. Mama alinitetea kidogo. Papa akasema ameshaongea na kaka yake wa Kipese, kule kuna shule ya msingi inayotafuta mwalimu, na mwisho wa muhula nitakwenda kule nikakae kati ya watu na mashamba ya viazi. Nilisimama na sufuria mkononi mpaka maji yakapoa. Leo naelewa kwamba hakuwa mkali, alikuwa na hofu. Siku ile nilimwona kama mtu anayeninyang'anya uhai wangu.

Lakini kulikuwa na jambo zito kuliko hilo, na hilo kosa lilikuwa langu. Mama alikuwa na mdogo wake, mama mdogo tuliyemwita Tantine Kahindo, aliyekwenda Beni kuuza vitenge mwanzoni mwa vita. Mama alimkataza. Walibishana uani hadi majirani wakasikia, na Mama akamaliza kwa kumwambia kwamba akienda, asimtafute tena. Tantine akaenda. Tangu hapo barabara ikawa ya bahati nasibu, magari yanapita wiki moja, wiki tatu hayapiti. Mama alituma barua kwa madereva, moja baada ya nyingine, na hakuna iliyorudishiwa jibu. Alikuwa akikatakata matembele akasimama ghafla, kisu mkononi, nasi tukajua anamfikiria nani. Na mimi niliketi kila siku karibu na mashini iliyofika Beni kwa kufinya kitufe. Nilijiambia ni sheria ya Patron. Nimejihukumu kwa hilo miaka mingi, na sasa nadhani ukweli ni huu: niliona raha kuwa na mahali ambapo mimi si mtoto wa mtu, nikaogopa kwamba nikifungua mlango kidogo, nyumba nzima itaingia.

Mama aliuza liki na viazi vya Kipese kwenye soko. Alasiri moja mteja wake, mke wa mfanyabiashara, alimwambia bila nia mbaya, “Mais mama, mutoto yako njo anasemaka na Beni kila siku.” Mama alirudi nyumbani mapema. Hakupiga kelele. Alitua beseni, akafungua kilemba, akaniuliza kama Beni inasikika kule kazini. Nikasema inasikika.

“Kila siku?”

“Kila siku, Mama.”

“Na miye niko natuma barua kwa bashoferi,” alisema, “kama mutu hana mutoto.”

Aliwasha moto, akasonga bugali, akapakua, na kipande cha nyama kilicho kikubwa akakiweka kwenye sahani yangu kama kawaida yake. Kile kipande sikuweza kukimeza.

Asubuhi yake nilifika kazini kabla ya Mukendi na kumngoja Patron mlangoni. Nilimweleza habari ya Tantine. Alinisikiliza, kisha akasema foni si ya kusalimia matantine. Akinifungulia mimi leo, kesho Vulamba yote itapanga mstari pale mlangoni. Zamani ningesema samahani na kuingia ndani. Sijui ule ujasiri ulitoka wapi, labda ni yale mafundisho ya Mukendi. Nilimwambia nimetunza siri zake vizuri mpaka mama yangu ananiona mgeni na baba yangu ananizania mbaya. Nilimwambia wananitoa kazini kwa sababu hawajui ni kazi gani, na kwamba mtu hawezi kuitunza kazi ambayo watu wake hawaruhusiwi hata kuiona.

“Sitaki kuacha, Patron. Lakini sitaki kuwa mugeni kwetu.”

Alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeandikwa humo. Mwisho akasema Jumamosi, saa sita, biashara ikiisha, niwalete. Baba, mama, wote. Na wafanyakazi wengine walete watu wao. Mukendi, aliyekuwa ameshafika na kusimama nyuma yake, alisema polepole kwamba watu wake wako Mbuji-Mayi. Kisha Patron akavaa kofia yake na kusema, “Basi utakula na ba Kavira.”

Siku ile ile nilimwita Dieudonné, mwenzangu wa foni ya Beni, na kumwambia nina kazi ya mtu, si ya mzigo. Nilimpa alama: mwanamke mfupi, kovu dogo kwenye kidevu, anauza vitenge, anapenda kwaya. Tantine alikuwa akikaa Ruwenzori, karibu na bomba la maji. Dieudonné aliandika, akasema bien reçu, amenipata vizuri, na jioni alipomaliza kazi akaenda kwa miguu kutafuta. Kesho yake akasema ile nyumba imejaa wanajeshi, wapangaji wametawanyika. Siku iliyofuata akasema amezunguka makanisa mawili, hapana. Ijumaa hatukumpata kabisa, batri za Beni zilikuwa zimeishiwa nguvu. Nilimweleza Mama kila kitu, hata hilo la Ijumaa, maana nilikuwa nimeapa kutomficha kitu tena. Alisikiliza, akatoa kitenge chake cha sikukuu kwenye sanduku na kukinyoosha kwa pasi ya makaa. Papa alimwuliza anajipamba kwa ajili ya nani, na huko watu wanasikilizana tu. Mama akajibu kwamba mdogo wake akisikia sauti yake atajua amevaa nini.

Jumamosi walikuja saa tano na nusu. Papa alikuwa katika koti lake la Misa, Mama na sufuria ya maharagi kichwani, wadogo zangu wanne wamepakwa mafuta hadi magotini. Mukendi alikuwa amefagia mara mbili na kuazima mabenchi dukani. Kwanza niliwaonyesha kazi yangu. Niliwaonyesha batri, nikaeleza kwa nini hairuhusiwi kuzigusa, nikaonyesha daftari yenye saa na majina ya vituo, na waya uliopanda hadi kwenye mkaratusi. Kisha nikaketi, nikavuta mikro, nikaita: “Mulima Tatu, Mulima Tatu, hapa Mulima Mbili. À vous.” Papa hakuwahi kuisikia sauti yangu ile. Niligeuka kidogo nikamwona amevua kofia.

Beni haikujibu. Niliita tena na tena. Kisha mvua ikaanguka, ile mvua ya Butembo isiyobisha hodi, na bati likaziba kila kitu. Tukakaa. Patron akatuma chai ya maziwa, Mama akafungua sufuria. Mukendi alijivuta pembeni kama mtu asiye na haki ya kula, lakini Mama akampakulia kwanza, kabla ya Papa, na kumwuliza majina ya watoto wake. Akayataja, yote matano, na nikatambua kwamba kwa miezi saba sikuwahi kumwuliza. Papa naye akataka kujua sauti inavyopita juu ya milima. Mukendi akageuza sahani yake tupu kuwa mbingu na kijiko kuwa sauti, akaonyesha jinsi inavyopanda, inavyogonga juu na kurudi chini mbali. Papa aliichukua ile sahani mkononi akaitazama muda mrefu.

Mvua ilipopungua, hewa ikawa safi kuliko nilivyopata kuisikia mwaka ule. Niliita mara moja tu. Dieudonné akajibu kwa ile sauti yake ya kutuliza: “Mulima Mbili, niko nakupata. Niko na mama moya hapa, nilimupata ku kwaya. Anatembea na mvua tangu asubuhi, anaogopa mashini. Mama yenu akuye karibu. À vous.”

Mama alikaa kwenye kiti changu. Nilimpa mikro, nikamwonyesha kitufe. Alikifinya kwa kidole gumba kwa nguvu zote, akaanza kusema, kwa Kinande, kwa sauti ya kupigia kelele mtu wa kilima cha pili. Alimwita mdogo wake kwa jina la utotoni. Alisema alikosa. Alisema yale maneno ya uani hayakuwa yake, yalikuwa ya hofu, na kwamba kila barua aliyotuma iliyakana. Alisema vitenge si kitu, Beni si kitu, aseme tu kama yuko hai. Kisha akanyamaza akingoja. Mashini ikanyamaza pia. Akangoja, na nikaona uso wake unaanguka polepole, maana aliona kwamba Kahindo amekuja hadi pale kumsikia na bado hataki kumjibu. Mimi nilikuwa nimeshikwa na machozi, sikuona kilichotokea. Aliyeona ni Papa. Aliinama, akakishika kidole gumba cha Mama, kilichokuwa bado kimeganda juu ya kitufe, na kukiinua taratibu.

“Achilia, mama ya batoto,” alisema. “Umuachie naye fasi.”

Na sauti ya Tantine Kahindo ikajaza chumba, katikati ya sentensi, inalia na kucheka. “… Yaya, dada yangu, nilisikia yote. Nilishasahau yale maneno. Niko muzima, barua hapana hata moya ilifika, bashoferi nitabauliza. Yaya, uko unakula? Banasema niseme à vous. À vous!”

Hatukuweza kuvumilia, tulicheka wote, hata Patron aliyekuwa amesimama kwenye pazia akijifanya anahesabu majora. Walisema nusu saa. Mwisho, nilipotaka kufunga, sauti nyingine zikaingia, za vituo nisivyovijua, watu waliokuwa kwenye masafa yale wakisikiliza bila kukohoa. Mmoja alisema kutoka Bunia kwamba wamefurahi pamoja na mama yule. Mwingine alisema tu, kwa sauti ya mzee, kwamba Mungu ni mkubwa, terminé, akafunga.

Papa aliandika barua Kipese wiki ile ile, kwamba wamtafute mwalimu mwingine. Hakuniambia, nilimsikia akimsomea Mama. Katika katekisimu alianza kuwaeleza watoto kwamba sala ni kama foni, watu wengi wanafinya kitufe na hawaachilii, na padri alimwomba apunguze mashini katika mafundisho. Nyumbani aliweka sheria kwamba wakati wa kula mwenye neno aseme, kisha aseme à vous. Ilidumu siku tatu.

Patron alikuwa amekisia vizuri. Jumamosi iliyofuata mstari ulianzia mlangoni ukafika kwenye duka la misumari. Alilalamika, kisha akaleta benchi kwa mikono yake, na kunipa Jumamosi zote niziongoze. Mama alikuja na sufuria, Mukendi alipata kwetu nyumba ya kula Jumapili. Si kila Jumamosi ilikuwa ya furaha. Mwanamke mmoja alingoja wiki tano mfululizo, na wiki ya sita habari iliyokuja haikuwa aliyoitaka. Patron aliniangalia aone nitafanya nini. Niliweka mikro chini, nikamwambia Mukendi ashike kazi, nikatoka na yule mama hadi kwake, nikakaa naye mpaka ndugu zake wakafika. Nilikuwa mwoga mwanzoni mwa mwaka, na siku ile nilijikuta siogopi kukaa kimya na mtu.

Kabla mwaka haujaisha barabara ikatulia kwa majuma machache, na Tantine Kahindo akaja juu ya lori la mbao. Tulikwenda kumpokea, Mama na mimi. Nilizania watalia, watasimulia, maana walikuwa na miaka miwili ya kusimuliana. Tantine alishuka akiwa na vumbi hadi kwenye kope, akasimama mbele ya Mama, wakatazamana. Mama akamfuta vumbi kidevuni, pale kwenye kovu, kwa ncha ya kitenge chake. Halafu wakaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha mpaka wakashikana mabega ili wasianguke, na dereva akauliza kuna nini. Mama akachukua furushi kubwa akajitwisha kichwani, akampa mdogo wake lile dogo, wakatangulia kupanda kuelekea Vulamba, bado wanacheka, na mimi nikafuata nyuma nimebeba kuku aliyeletwa kutoka Beni.